Anayeanguka Amehesabiwa, Anayetetemeka Bado

Mkoa wa Songwe umefanyiwa utafiti wa magonjwa ya ubongo kuliko wengi wa Tunduma wanavyodhani. Nguruwe wa Mbozi wamechukuliwa damu, wanavijiji wametoa choo na damu vipimwe, na wagonjwa wa kifafa katika Hospitali ya Vwawa wamepelekwa kupigwa picha za kichwa. Utafiti huo wote ulimtafuta mtu anayeanguka. Mzee anayetetemeka mkono mmoja akiwa amekaa kimya, au bibi anayehitaji kushikwa mikono miwili ili ainuke kwenye kigoda, hakuwemo kwenye orodha. Takwimu inayotegemewa na karibu kila anayeandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo nchini inatoka Hai, mkoani Kilimanjaro, pembe nyingine kabisa ya nchi.

Je, tunajua nini kuhusu ugonjwa wa Parkinson na ndugu zake katika Afrika Mashariki, na kiasi gani cha ujuzi huo kinaweza kumfaa mtu wa Momba, Ileje au Mbozi? Hoja ya makala haya ni kwamba sayansi ya kumsaidia tayari ipo, na sehemu yake imefanyiwa majaribio hapa hapa Tanzania. Kilichopungua ni kazi ya kumtafuta nyumbani kwake, na uhakika kwamba dawa itakuwepo mwezi ujao.

Ugonjwa wenyewe

Daktari wa London, James Parkinson, alieleza wagonjwa sita katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Sababu ya kutetemeka kwao ilichukua zaidi ya karne moja kufahamika. Katikati ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole, na dalili za mwili zinapojitokeza, sehemu kubwa imekwisha kupotea.

Dalili zenyewe hazihitaji mashine. Mkono mmoja hutetemeka ukiwa umetulia pajani, kidole gumba kikisuguana na cha shahada. Akiunyoosha kuchukua kikombe, mtetemo hupungua. Anapotembea, mkono huo haupungi. Hatua zinakuwa fupi na za kuburuta, na kugeuka kunamchukua hatua tano au sita. Uso hauonyeshi furaha wala huzuni, hata jamaa wakadhani amenuna. Sauti inafifia. Mwandiko unapungua ukubwa kadiri mstari unavyoendelea, na siku ya malipo ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, sahihi yake haifanani tena na ile aliyoweka alipoandikishwa. Miaka kadhaa kabla ya hayo yote, huenda alikwisha poteza uwezo wa kunusa, akawa anapata choo kwa shida, au akawa anapiga kelele na kurusha mikono usingizini.

Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuutambua kwa dakika kumi. Humwambia mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, kwa upana wote. Kwa mtu mwenye afya mwendo unabaki vilevile. Kwa mwenye Parkinson vidole vinaanza kwa upana, kisha vinasogeleana, vinachelewa, na mwisho vinakwama. Kipimo cha CT-Scan hakiuoni ugonjwa huu. Kazi yake ni kuondoa sababu nyingine. Kwa hiyo umbali wa Tunduma na mashine za Mbeya au Dar es Salaam hauelezi kwa nini mgonjwa hajatambuliwa.

Walichofanya Hai

Wilaya ya Hai ilikuwa na kitu ambacho wilaya nyingi hazikuwa nacho. Tangu miaka ya 1990 ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima, pamoja na Dar es Salaam na Morogoro Vijijini. Wahesabu watu walizunguka nyumba kwa nyumba, wakijua nani yupo, nani amezaliwa na nani amefariki. Watafiti wa kiharusi waliutumia mtandao huo, na wale wa Parkinson wakafuata njia ileile.

Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na Oneko Msuya na wenzao wa Hai, waliwapa wahesabu watu maswali mafupi ya kuuliza mlangoni. Waliojibu kwa namna ya kutia shaka walifuatwa na daktari na kupimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, yaani 20 kwa kila watu 100,000. Walipozirekebisha hesabu ili zilingane na umri wa watu wa Uingereza, zikafika 40 kwa kila 100,000, ambacho bado ni kiwango kidogo kuliko cha Ulaya. Wanaume walikuwa 64 kwa 100,000 na wanawake 20.

Kiwango hicho ndicho kilichonukuliwa sana. Lakini katika utafiti huohuo, wagonjwa wanane kati ya kila kumi walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson, wala hawakuwa kwenye dawa. Hawa walikuwa watu wa wilaya iliyo karibu na KCMC, moja ya hospitali kubwa za rufaa nchini. Ukaribu wa hospitali kubwa haukuwafaa, kwa sababu hakuna aliyewaelekeza huko.

Mwaka 2011 Gerry Mshana, mtafiti wa masuala ya jamii, pamoja na Dotchin na Walker, walichapisha kazi ya aina nyingine: mahojiano na wagonjwa, watunzaji wao, waganga wa jadi na watumishi wa afya wa wilaya hiyo. Wengi walikuwa wakiuita ugonjwa wa kutetemeka na kuuhesabu kuwa sehemu ya uzee. Njia ya matibabu ilipinda kutoka zahanati kwenda kwa mganga, kisha kwenye maombi, kisha hospitali, na mara nyingi ikaishia nyumbani pesa zilipokwisha. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza mzazi Mlowo au Ndalambo, huku Songwe, ataitambua njia hiyo.

Yako mawili ya kutilia shaka katika takwimu za Hai. La kwanza ni pengo la wanaume na wanawake. Duniani kote wanaume huugua zaidi, ila kwa kawaida si mara tatu. Inawezekana mwanamke wa Hai anaugua kidogo kweli. Inawezekana pia kwamba mzee mwanamume akishindwa kwenda kilabuni au mkutanoni watu huuliza, ilhali bibi akipunguza mwendo jikoni kila mtu anasema amezeeka. La pili ni uchache wenyewe. Hesabu ya siku moja huwakuta walio hai tu. Mahali ambapo mgonjwa hapati dawa, huanguka, huvunjika nyonga, hushindwa kumeza, na hufariki mapema. Kiwango kidogo kinaweza kumaanisha kwamba ugonjwa ni haba, au kwamba wenye ugonjwa hawadumu.

Tukiipeleka hesabu hiyo Songwe

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Songwe ukiwa na watu 1,344,687. Kwa kiwango cha Hai cha 20 kwa kila 100,000, wagonjwa wa Parkinson wangekuwa 270 hivi, na zaidi ya 200 kati yao wangekuwa hawajatambuliwa. Hayo ni makadirio ya karatasini. Songwe ni mkoa wa vijana kuliko Kilimanjaro, ambako wazee ni sehemu kubwa zaidi ya watu, na umri ndio unaoongoza kwa kuleta ugonjwa huu. Hata tukiikata hesabu kwa nusu, wanabaki watu zaidi ya 130, na kila mmoja ana mwana, mkwe au mjukuu aliyeacha kazi ili amshike mkono.

Mahali walipo watu hao ni muhimu kama idadi yao. Tunduma ni mji wa wanaokuja kutafuta: madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wauza mitumba, mafundi. Wazee wao wamebaki vijijini Momba, Ileje na Mbozi. Mtafiti atakayekaa katika kituo cha afya mjini akisubiri wagonjwa wa Parkinson waingie ataona wachache, kisha ataandika kwamba ugonjwa haupo. Hai ilionyesha kuwa wanapatikana kwa kubisha hodi.

Utafiti ambao Songwe imeupata

Sababu ya watafiti wa ubongo kuja huku ilikuwa nguruwe. Kitimoto ni chakula na ni biashara, na mahali ambapo nguruwe wanazurura na vyoo ni haba, tegu wa nguruwe huzunguka kati ya mnyama na binadamu. Mayai ya mnyoo huyo yakimezwa, mabuu yake huweza kujikita kwenye ubongo na kuleta kifafa na maumivu makali ya kichwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima watu 830 katika vijiji vya Mbozi, na karibu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili katika damu za kuwa na mabuu mwilini. Baadaye hospitali za Vwawa, Tukuyu na Ifisi zilishiriki katika kupima kifaa cha haraka cha kugundua maambukizi hayo, kazi iliyowaunganisha watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na wenzao wa Zambia na Ulaya.

Kazi hiyo iliacha ujuzi. Kuna watumishi wa Vwawa waliozoea kuuliza maswali ya mishipa ya fahamu, kujaza fomu za ridhaa, kumfuatilia mgonjwa kijijini kwake na kumpeleka Mbeya kwa picha ya kichwa. Mbeya kuna kituo cha NIMR chenye uzoefu wa miaka mingi wa majaribio ya dawa, hasa za Ukimwi na kifua kikuu. Mkoa wenye watu na taasisi za namna hii hauanzii sifuri. Umefundishwa kumtazama mgonjwa mmoja, na unaweza kufundishwa kumtazama wa pili.

Si kila mtetemo ni Parkinson

Mtafiti atakayeyabeba maswali ya Hai na kuyauliza Songwe bila kuyarekebisha atakosea, kwa kuwa mkoa huu una sababu zake za kutetemesha watu.

Iliyo ya kawaida kuliko zote ni mtetemo wa kurithi, ambao hujitokeza mtu anapotumia mikono na hutulia anapopumzika. Kikombe cha chai kinamwagika, uzi haupiti kwenye tundu la sindano, lakini mwendo wake ni wa kawaida na mara nyingi baba au shangazi alikuwa hivyohivyo. Hauhitaji dawa ya Parkinson. Wengi hawahitaji dawa yoyote, ila kuelezwa tu.

Sababu ya pili hutoka kabatini kwa dawa. Haloperidoli, klorpromazini na sindano ya kila mwezi ya flufenazini, ambazo ndizo tegemeo la matibabu ya magonjwa ya akili katika hospitali zetu, huizuia dopamini. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayouzwa kirahisi, hufanya hivyo pia. Mtu aliyetumia dawa hizi kwa wiki au miezi anaweza kukakamaa, kupunguza mwendo na kutetemeka pande zote mbili kwa pamoja, akafanana kabisa na mgonjwa wa Parkinson. Dawa ikipunguzwa au kubadilishwa na mtaalamu, wengi hupona. Hapati nafasi hiyo mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Kuna pia sura ya ghafla zaidi: kijana aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika jana, leo shingo imepinda, macho yametazama juu na taya limebana. Familia hudhani ni pepo, mhudumu hudhani ni pepopunda, wakati sindano moja ya promethazini mara nyingi humlegeza kabla ya saa kuisha.

Sababu ya tatu ni zebaki. Katika Wilaya ya Songwe, upande wa Saza na Mkwajuni, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Anayevuta mvuke huo siku kwa siku hupata mtetemo mwembamba wa vidole, midomo na kope, anakuwa mwepesi wa hasira au mwenye aibu isiyo ya kawaida, halali vizuri, na fizi zinamuuma. Katika machimbo ya Rwamagasa, Geita, watafiti wa mradi wa kimataifa wa zebaki walishawakuta wachomaji wenye sumu hiyo mwilini miaka ya 2000. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mtu anayechomea kwenye kibati nyuma ya nyumba, mkewe akipika hatua chache kando, hajafikiwa na mkataba. Levodopa haimsaidii. Kinachomsaidia ni kuacha kuvuta mvuke.

Wako pia watoto wenye mtindio wa ubongo, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa au kupata manjano kali siku za mwanzo, ambao viungo vyao hujinyonga bila hiari yao. Wako wenye virusi vya Ukimwi ambao maambukizi ya ubongo huufanya mkono na mguu wa upande mmoja kurukaruka. Na tegu mwenyewe, akijikita mahali pabaya, huweza kuleta mtetemo badala ya kifafa. Mpango wowote wa Songwe unapaswa kuyabeba haya yote kwa pamoja, kwa sababu mlangoni yanafika yakiwa na malalamiko yaleyale: anatetemeka, amekakamaa, hajiwezi.

Dawa ipo tangu enzi za uhuru

Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, Oleh Hornykiewicz na Walther Birkmayer wa Vienna waliwapa wagonjwa levodopa, kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias wa Marekani akaonyesha namna ya kuitoa kwa kupandisha dozi taratibu. Leo hutolewa pamoja na karbidopa, ambayo huizuia isigeuzwe mwilini kabla ya kufika kwenye ubongo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haina hataza ya kampuni yoyote. Haiponyi, lakini mtu aliyekuwa halali bila kugeuzwa huweza kujigeuza, na aliyekuwa akilishwa huweza kujilisha.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini ni afadhali kuichelewesha, wakihofia kwamba kuianza mapema huleta mapema ile mijongeo ya kujinyonganyonga wanayoipata wagonjwa wa muda mrefu. Jibu zuri la suala hilo lilitoka Afrika. Roberto Cilia, Albert Akpalu na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wa Ghana, ambao kwa ukosefu wa dawa walikuwa wamechelewa kuianza, wakawalinganisha na wa Italia. Waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kuwa matatizo hayo hufuata umri wa ugonjwa, hayafuati muda ambao mtu amekunywa dawa. Wagonjwa wa Ghana walichelewa bila kupata faida yoyote ya kuchelewa. Kwa mzee wa Kamsamba tafsiri yake ni fupi: akitambuliwa na mwendo wake umeshamzuia kufanya kazi, aanze dawa.

Lakini dawa hii haitaki kukatizwa. Ikisimamishwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa, kupanda homa na kuwa katika hatari ya kifo. Ndiyo maana kumpa mgonjwa dawa ya miezi sita ya mradi, kisha mradi ukafungwa, si msaada mdogo bali ni hatari. Hapa ndipo utafiti wa kuhesabu unapokutana na swali la bohari ya dawa.

Bei na uhaba vimewafanya watafiti wautazame upupu. Ndiyo, mmea uleule ambao watoto wa shule wameutumia kuwasha wenzao. Nywele za kahawia zilizo juu ya maganda yake ndizo zinazowasha. Levodopa imo ndani ya mbegu. Cilia na wenzake, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, waliwapa wagonjwa 18 wa Bolivia unga wa mbegu zilizokaangwa na kusagwa, na kwa dozi moja ulifanya kazi sawa na vidonge. Jaribio lililofuata, la wiki 16, halikuwa na habari njema kiasi hicho: nusu ya wagonjwa 14 waliacha, baadhi kwa tumbo kuvurugika na wengine kwa hali ya mwili kuzidi kuwa mbaya. Upupu unaota kwetu bila kupandwa, na ni swali halali la utafiti kwa wataalamu wa dawa za asili nchini. Kwa sasa hauna dozi inayoaminika, kwa kuwa mbegu za shamba moja hazilingani na za shamba jingine. Asiuchemshe mtu nyumbani akadhani amepata tiba.

Kuna tiba nyingine isiyohitaji bohari. Lynn Rochester na kundi la Hai walijaribu mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo kwa wagonjwa ambao hawakuwa wamewahi kunywa dawa. Mwaka 2010 waliripoti kuwa mwendo wao uliongezeka kasi na hatua zikarefuka. Ubongo ulioshindwa kujianzishia mwendo unaweza kuazima mdundo kutoka nje: makofi, kuhesabu kwa sauti, ngoma. Mjukuu wa Mbozi anaweza kufundishwa hilo kwa alasiri moja.

Damu ya Afrika na maswali ya dunia

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 dunia ilikuwa na wagonjwa wa Parkinson zaidi ya milioni 8.5, mara mbili ya walivyokuwa miaka 25 kabla yake. Hata hivyo karibu kila kinachojulikana juu ya urithi wa ugonjwa huu kilitokana na watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 kundi lililowajumuisha Mie Rizig wa London na Njideka Okubadejo wa Lagos lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,488 wenye asili ya Afrika, wengi wao Wanaijeria. Walipata badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo kwa Wazungu ni nadra mno. Mwenye nakala mbili za badiliko hilo ana hatari ya kuugua inayokaribia mara tatu na nusu ya asiye nalo.

Ugunduzi huo unaweza siku moja kuleta dawa inayolenga tatizo hilo moja kwa moja. Lakini watu wa Afrika Magharibi si kipimo cha Afrika nzima, na matokeo ya Lagos hayawezi kuhamishiwa kwa Wanyiha au Wanyamwanga wa Songwe bila kupimwa. Mradi wa TraPCAf, unaoongozwa na Walker kwa fedha za serikali ya Uingereza, umeziingiza Tanzania na Kenya pamoja na nchi nyingine za bara hili katika kukusanya taarifa za wagonjwa na za urithi. Sheria zetu zinataka sampuli zisitoke nchini bila mkataba ulioidhinishwa kupitia NIMR, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni ngao nzuri kwa sampuli. Hazimhakikishii aliyetoa damu kidonge cha kesho.

Pingamizi, na majibu yake

Afisa wa afya wa halmashauri ana haki ya kuuliza: nina malaria, nina akina mama wanaojifungua, nina watoto wenye utapiamlo, kwa nini niwafikirie watu 270? Jibu la kwanza ni kwamba hakuna anayemwomba ajenge kitu kipya. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao tayari wanabisha hodi. Maswali matatu yanatosha kuongezwa: je, humu ndani kuna mtu anayetetemeka mkono akiwa ametulia? Kuna anayetembea kwa kuburuta miguu? Kuna asiyeweza kuinuka kwenye kiti bila kushikwa?

Jibu la pili ni kliniki. Wagonjwa wa kifafa tayari wana siku zao na watumishi wao. Kliniki hiyo ikipokea pia wanaotetemeka na waliokakamaa, muuguzi yuleyule atawatenganisha: wa zebaki aende kwenye elimu ya kuacha mvuke, wa haloperidoli arudishwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, wa mtetemo wa kurithi atulizwe, wa Parkinson aandikishwe. Yule anayemtatiza, apigiwe simu daktari wa Mbeya.

Jibu la tatu ni wakati. Wazee wa miaka 60 na kuendelea walikuwa asilimia 5.7 ya Watanzania katika sensa ya 2022, yaani watu wapatao milioni 3.5, na idadi yao inapanda. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza. Msamaha wa ada hauna maana dirisha la dawa likiwa tupu. Daftari lenye majina ya wagonjwa wa mkoa ndilo linaloiwezesha halmashauri kuagiza levodopa kwa hesabu, kwa sababu Bohari ya Dawa haiwezi kuleta dawa ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemwandika.

Kwa mtafiti atakayekuja, Songwe ina maswali ambayo Hai haiwezi kuyajibu. Zebaki ya Saza ina mchango gani katika mitetemo ya wachimbaji? Viuatilifu vinavyopulizwa kwenye kahawa ya Mbozi, vya aina ambazo sehemu nyingine za dunia zimehusishwa na Parkinson, vinawafanya nini wanaovipuliza kwa miaka 30? Vifaa vilivyogundua tegu Vwawa vimeacha wagonjwa wangapi waliokakamaa bila kifafa? Maswali hayo yana thamani kwa dunia nzima, na kwa hiyo mkoa una la kujadiliana nalo.

Basi ujadiliane. Kamati ya afya ya halmashauri inapoletewa barua ya utafiti, kabla ya kugonga muhuri iulize mambo matatu: muuguzi gani wa hapa atafundishwa na kubaki, daftari la wagonjwa litakaa katika ofisi ipi, na nani ametia sahihi kununua levodopa baada ya fedha za mradi kuisha. Utafiti usio na majibu ya hayo matatu uahirishwe hadi uyapate.